Kiwanja kidogo, mti gani?

Mwarobaini uliopandwa mita moja kutoka kwenye ukuta wa uzio hauna lawama miaka ya mwanzo. Unakua haraka, unavumilia kiangazi, na kabla watoto hawajamaliza shule ya msingi tayari una kivuli cha kutandika mkeka. Kisha ufa huonekana kwenye tofali za chini. Ukuta huanza kulalia upande wa jirani, majani hujaa kwenye gata, na tawi la juu hugusa waya wa umeme unaoingia ndani.

Mafundi wa Mbagala, Chamazi, Tegeta na Goba wanaijua kazi inayofuata: kukata mti, kung'oa kisiki, kujenga ukuta upya. Mwenye nyumba naye hurudi kitaluni kutafuta mche mwingine, na si ajabu akatoka na mti mkubwa kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa ndani ya viriba miche yote inalingana urefu wa goti.

Mwarobaini wenyewe hauna kosa. Ni mti wa mita 15 hadi 20, na kwenye uwanja wa shule au kando ya barabara ni vigumu kupata unaoushinda kwa faida. Kosa liko kwenye vipimo: mti wa uwanjani umeingizwa uani.

Hesabu ya uani

Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni cha kawaida kabisa pembezoni mwa Dar es Salaam, na vile vilivyomegwa kwa mauziano ya mbele ya mjumbe mara nyingi ni vidogo zaidi. Nyumba ya vyumba vitatu yenye baraza huchukua karibu theluthi moja ya eneo. Ukitoa sehemu ya kuegesha gari, tangi la maji, chemba na shimo la majitaka, banda la kuku au fremu ya duka upande wa barabarani, kinachobaki ni ukanda wa mita mbili au tatu kuzunguka nyumba na, kwa mwenye bahati, kona moja ya mita tano kwa tano.

Kona hiyo ndiyo inayoamua. Mti ambao mwavuli wake ukikomaa hauzidi mita tano au sita unaweza kuishi hapo bila ugomvi. Wa mita kumi utakuwa juu ya bati, juu ya uzio na juu ya uani kwa jirani, na kesi ya majani yanayodondoka kwa jirani haikawii kufika ofisi ya serikali ya mtaa.

Makazi haya ni ya juzi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 ilihesabu 5,383,728, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imekwenda pembezoni. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulipima maeneo kama Kibada, Gezaulole, Toangoma na Bunju, ambako awali kulikuwa na mashamba ya minazi, miembe na mikorosho. Baadaye wilaya zenyewe zikagawanywa: Ubungo ikatoka Kinondoni, Kigamboni ikatoka Temeke.

Greda linapopita kusafisha kiwanja, mwembe wa miaka hamsini huondoka pamoja na magugu. Nyumba ikishaezekwa, mwenye kiwanja huanza kutafuta kivuli. Ni utaratibu wa ajabu, lakini ndio uliozoeleka.

Picha ya nyumba yenye bustani nayo ina asili yake. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea ya Dar es Salaam mwaka 1893, chini ya Franz Stuhlmann, kwa ajili ya kujaribu mazao na miti kutoka nchi nyingine za joto. Miti mingi ya kigeni ilizoeleka mjini katika miongo iliyofuata, na Oysterbay, mtaa uliopangwa kwa ajili ya Wazungu wakati wa ukoloni, ukapewa viwanja vipana ambavyo mkrismasi au mkungu unaweza kunyoosha matawi utakavyo. Mjenzi wa Goba au Chanika anaitamani bustani hiyohiyo kwenye sehemu ndogo ya eneo lile.

Kinachoua mti Dar es Salaam

Katika nchi za baridi, mtu anayechagua mti wa mapambo huanza na swali la usiku mmoja: usiku wa baridi kali kuliko zote kwa mwaka. Huko, kwenye bustani ndogo, mti unaopendwa sana ni mepo, wa jamii ileile ambayo jani lake limo kwenye bendera ya Kanada tangu 1965. Mepo ya Kijapani, yenye majani membamba yanayogeuka mekundu, hupendeza kuliko zote lakini hufa baridi ikipita kiasi. Ile inayotoka bonde la mto Amur, kati ya Urusi na China, hustahimili baridi kali zaidi. Wizara ya Kilimo ya Marekani imeigawa nchi nzima katika kanda 13 kwa kigezo hicho cha baridi, na kila mche hupewa namba ya kanda yake. Mtanzania aliyehamia mji wa baridi kali akitaka mepo nyekundu ya Kijapani huenda akaambiwa kitaluni kwamba namba hazilingani.

Dar es Salaam haina jalidi, wala hakuna anayeandika namba kwenye viriba. Hata hivyo swali la msingi ni lilelile: mahali hapa mti huuawa na nini?

Jibu la kwanza ni mchanga. Sehemu kubwa ya Mbagala, Kigamboni na Chanika ina udongo wa kichanga usioshika maji wala mbolea. Jiji hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, lakini nyingi hushuka wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na kidogo wakati wa vuli, kuanzia Oktoba. Kati ya Juni na Septemba mche mchanga kwenye mchanga wa Kigamboni huishi kwa ndoo, na pale bomba lisipotoa maji, kila ndoo ina bei yake.

Jibu la pili ni kinyume chake: maji yaliyosimama. Kwenye mabonde na maeneo ya mfinyanzi, masika huacha madimbwi ya wiki kadhaa. Mizizi huhitaji hewa, na ikikaa majini muda mrefu huoza hata kama mti unasifika kwa ugumu. Mfinyanzi una kasoro nyingine ambayo mchanga hauna: huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Mti mkubwa ukinyonya maji karibu na msingi, udongo husinyaa upande mmoja na nyumba hupata ufa hata pasipo mzizi kugusa tofali.

Jibu la tatu, kwa walio Kunduchi au ufukweni Kigamboni, ni chumvi ya upepo, ambayo hubabua majani laini upande wa baharini.

Kuna pia hadaa ya kusafiri. Mjakaranda wa Arusha, ukiwa zambarau mtaa mzima, humshawishi yeyote kununua mche na kushuka nao Pwani. Mti utamea. Ila huchanua vizuri zaidi penye msimu wa ubaridi na ukavu, na kwenye joto lenye unyevu la Dar es Salaam maua yake huwa machache. Zaidi ya hayo ni mti mkubwa usiofaa kiwanja kidogo hata ungechanua kila wiki.

> Mche haununuliwi kwa sura yake ndani ya kiriba, bali kwa urefu na upana wake utakapokomaa.

Mwashoki na wakubwa wenzake

Hakuna mti unaozua ubishi kwenye bustani za Kinondoni kama mwashoki, ule mti mrefu wenye matawi yanayoning'inia, unaopangwa kwa safu nyuma ya uzio. Asili yake ni India na Sri Lanka. Wanaoutetea wana hoja: hauhitaji nafasi kwa upana, hubaki kijani mwaka mzima, huficha uani macho ya wapita njia na huipa nyumba sura ya hoteli.

Wanaoupinga wana hoja nzito zaidi. Mwashoki hufika mita 12 na kuendelea, kwa hiyo safu iliyopandwa chini ya waya huishia kukatwa vichwa, na ukishakatwa kichwa umbo lake halirudi. Kivuli chake ni kama cha nguzo. Na safu nene upande wa kusini-mashariki huzuia upepo wa kusi, ambao kuanzia Aprili hadi Oktoba ndio kiyoyozi cha bure cha nyumba za Dar es Salaam. Matunda yake huvuta popo usiku. Uamuzi wa haki ni kwamba mwashoki ni mti wa barabara ya kuingilia taasisi, na umeletwa uani kwa sababu ya mtindo.

Mkrismasi una kosa la namna nyingine. Ulitoka Madagaska, na kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka hakuna mti mwekundu kama huo. Lakini mwavuli wake hutanuka kuliko urefu wake, na mizizi yake hutambaa juujuu na kuinua pevingi. Fikasi, mti wa jamii ya mkuyu unaokatwa umbo la mpira mbele ya maduka na nyumba za wageni, ni wa hatari zaidi kwa sababu ukiwa mdogo unaonekana mpole. Ukiachwa bila mkasi huwa mti mkubwa, na mizizi yake huingia kila mahali penye unyevu.

Inafaa kueleza hapa jinsi mizizi inavyoharibu mabomba, kwa kuwa wengi hudhani inatoboa. Kwa kawaida haitoboi bomba zima. Hufuata unyevu unaovuja kwenye maungio, huingia kwa unywele mmoja, kisha hunenepa humo ndani hadi bomba likapasuka au kuziba. Chemba iliyojengwa bila lipu nzuri ni mwaliko kwa mti wowote wenye kiu. Kwa hiyo hata mti mdogo ukae angalau mita tatu kutoka kwenye chemba na shimo la majitaka.

Inayotosha kwenye kona

Mfrangipani unastahili kutajwa wa kwanza. Kwao ni Meksiko, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibiani, na umesambaa katika nchi zote za joto. Sehemu nyingi za Asia hupandwa kwenye mahekalu na makaburini. Hufika mita 5 hadi 8, shina lake hupinda kwa namna isiyohitaji fundi wa kulipamba, na maua yake hunukia zaidi usiku. Huvumilia mchanga, kiangazi na upepo wa bahari. Mizizi yake haina vurugu.

Tena hauhitaji kununuliwa. Kipande cha tawi cha urefu wa futi moja au mbili hukatwa, huachwa kivulini wiki moja au mbili hadi jeraha likauke, kisha huchomekwa kwenye udongo wa kichanga. Anayekichomeka kikiwa kibichi na kukimwagilia kwa bidii hukiozesha. Kwa mti huu, wema wa kupita kiasi ndio unaoua.

Kasoro zake zinajulikana. Aina ya maua mekundu, ya waridi na yenye njano hupukutisha majani wakati wa kiangazi na kubaki fimbo tupu kwa wiki kadhaa. Anayechukizwa na hali hiyo achague ile ya maua meupe yenye majani ya kung'aa, ambayo hubaki na majani sehemu kubwa ya mwaka. Utomvu wake mweupe huwasha ngozi na macho. Kwenye bonde lenye maji ya kusimama, usipandwe kabisa.

Mkomamanga ni mdogo zaidi, mita 3 hadi 5, na maua yake ya rangi ya chungwa iliyoiva yanatosha kuwa pambo hata tunda lisipopatikana. Na mara nyingi tunda zuri halipatikani: mkomamanga hupenda joto kavu, na unyevu wa Pwani hupasua matunda kabla hayajaiva.

Mtende mdogo wa Ufilipino uitwao Adonidia, wenye vishada vya matunda mekundu, unafaa pale palipobaki ukanda wa mita mbili tu. Mizizi ya jamii ya minazi na mitende ni nyuzinyuzi zisizonenepa kadiri mti unavyokua, kwa hiyo ukuta huwa salama. Hauna kivuli cha kutosha kuketi watu, hilo likubaliwe mapema.

Mhina, wenye vichala vya maua meupe yenye harufu, huweza kukatwa ukawa mti mdogo badala ya kichaka, na majani yake yana kazi nyumbani. Kwa upande wa maua ya njano, tekoma huchanua ingali mche mdogo na mara nyingi haizidi mita sita, jambo linaloifanya inunuliwe sana. Mbegu zake nyepesi hupeperuka na kuota kusikotakiwa, na katika sehemu kadhaa za Afrika Mashariki na Kusini tayari ni gugu.

Miti miwili ionwe kwa jicho la tahadhari penye watoto: oleanda, na thevetia yenye maua ya njano ya umbo la kengele. Yote miwili ina sumu inayoshambulia moyo, kuanzia majani hadi mbegu, na yote hupandwa kama ua la uzio bila mtu kuambiwa.

Tunda au ua?

Familia nyingi za Temeke na Kigamboni zingeshangaa kuambiwa zitoe kona pekee ya uani kwa mti usioliwa. Hoja yao ni ya uchumi, na inajibika bila kugombana: ipo miti ya matunda iliyo midogo na yenye sura nzuri kuliko miti mingi ya mapambo.

Mbirimbi ndio mfano bora. Maua yake madogo mekundu na matunda yake ya kijani huning'inia kwenye shina na matawi makubwa, na mti mmoja hulisha mtaa mzima achari na kuungia samaki. Hufika mita 5 hadi 10 lakini hukubali mkasi. Juisi yake isinywewe kwa glasi: ina asidi nyingi ya oksaliki, ambayo huumiza figo. Mstafeli, mita 5 hadi 8, hubaki na majani mwaka mzima na huzaa vyema Pwani. Mndimu na mlimao hutosha popote, ingawa miiba yake haifai karibu na njia.

Mwembe na mfenesi haimo kwenye hesabu hii, hata kama muuzaji atasema ni ya kubebesha na haitakua. Mwembe wa kubebesha huzaa mapema na kukua polepole kidogo, lakini usipopunguzwa kila mwaka utakuwa mwembe tu.

Wageni waliozidi

Ubishi wa mwisho ni kati ya miti ya kigeni na ya asili. Karibu kila kilicho kwenye vitalu vya kando ya Barabara ya Bagamoyo kimetoka bara jingine, wakati misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, jirani kabisa na jiji, ina miti ya Pwani ambayo haionekani kwenye viriba. Ua la kilua hutafutwa kwa harufu ya kuchanganya na asumini, lakini mkilua ni nadra kuuzwa. Cassia abbreviata, mti wa porini wa mita 3 hadi 10 unaochanua njano mwishoni mwa kiangazi kabla ya majani kutoka, ungeweza kushindana na mti wowote wa mapambo wa India.

Hoja hii haihusu uzalendo wa mimea peke yake. Senna spectabilis, mti mzuri wa maua ya njano kutoka Amerika, uliletwa kwa ajili ya mapambo. Leo umevamia misitu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, na Uganda umeenea katika msitu wa Budongo. Mepo ya Amur iliyotajwa hapo juu nayo inahesabiwa mvamizi katika majimbo kadhaa ya kaskazini ya Marekani. Mti unaotoa mbegu nyingi zinazoota bila kupandwa haujali uzio wa mwenye nyumba.

Kosa halielekezwi kwa wauza miche. Huuza kinachoulizwa, na wateja wakianza kuulizia mkilua, utapatikana.

> Safu nene ya miti upande wa kusini-mashariki huzuia kusi, kiyoyozi cha bure cha nyumba za Dar es Salaam.

Kitaluni na shimoni

Mche mrefu si lazima uwe mche bora. Mche uliokaa muda mrefu kwenye kiriba huwa umezungusha mizizi ndani kama kamba, na ukipandwa hivyo hujinyonga wenyewe miaka ya baadaye. Kiriba kikaguliwe chini: mzizi mnene uliotoboa na kuingia ardhini ni dalili ya kuuacha. Mfupi wenye shina nene hushika haraka kuliko mrefu mwembamba ulioegemezwa kwenye kijiti.

Kabla ya kuchimba, mwenye kiwanja aangalie juu na pembeni. Chini ya waya wa umeme au ndani ya mkuza wa TANESCO hapapandwi kitu kitakachozidi kimo cha uzio. Upande wa magharibi wa nyumba ndio wenye faida kubwa ya kivuli, kwa sababu jua la alasiri hupasha ukuta joto ambalo chumba hulitoa usiku kucha. Upande unaokabili kusi uachwe wazi au upewe mti wenye shina tupu chini na majani juu.

Shimo la sentimita 60 kila upande linatosha. Kwenye mchanga, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza vizuri, kwa kuwa mbichi huunguza mizizi. Kiriba kichanwe na kutolewa chote. Matandazo ya nyasi kavu yawekwe bila kugusa shina. Kiangazi cha kwanza, dumu moja la lita 20 mara mbili kwa wiki, likimwagwa polepole, husaidia kuliko kikombe cha kila jioni, ambacho hulowesha juu na kuizoesha mizizi kubaki juu.

Mashimo ya masika huchimbwa Februari, na mche huingia ardhini mvua ikishakolea Machi. Aliyekosa masika asubiri vuli. Kupanda Julai kwenye mchanga wa Kigamboni ni kununua maji ya boza kwa ajili ya mche utakaokufa Septemba.